Chakula cha Dakika Kumi



Kitabu nitakachowaeleza habari zake kilitolewa Ufaransa mwaka 1930, nacho chafundisha kupika chakula kwa dakika kumi. Mtungaji wake, Edouard de Pomiane, hakuwa mpishi kwa kazi; alikuwa mtaalamu wa sayansi katika Institut Pasteur mjini Paris. Aliwakusudia wanafunzi, makarani, na kila mtu mwenye saa moja tu ya kula, naye angependa nusu yake ibaki ya kupumzika.

Amri yake ya kwanza yanipendeza: uingiapo nyumbani, kabla hujavua kofia, bandika maji motoni. Hayakosi kazi.

Mke wangu ni mwalimu. Hurudi na madaftari ya watoto arobaini. Mimi hurudi na gazeti. Miaka sita yeye aliwasha jiko, nami nilisoma. Mwezi uliopita usingizi ulimchukua juu ya madaftari, wali ukaungua, nami nikanung'unika! Naona haya kulisema mbele yenu.

Tangu siku ile makaa na maji ni juu yangu. Makaa peke yake hula robo saa, wala Mfaransa yule hanisaidii hapo. Maharagwe nayo hayataki kuharakishwa, twayachemsha Jumamosi. Lakini mayai kwa vitunguu na nyanya hayapiti dakika kumi, nimeyapima kwa saa yangu. Jana mwalimu alikula kwanza, ndipo akasahihisha. Alisema chumvi imezidi.