Mayai Chini ya Changarawe

Leo tunataka kuzungumza juu ya samaki wa mito ya milimani aitwaye trauti, na jinsi anavyovuliwa wakati wa theluji.

Ndugu zetu wanaokaa chini ya Mlima Kenya na Nyandarua wanamfahamu, ingawa si mwenyeji. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya samaki huyu kutoka Loch Leven, kule Scotland, yakatiwa katika mto Gura. Maji ya Gura ni baridi, lakini mto haugandi. Katika nchi za theluji mambo ni mengine.

Huko Marekani, katika milima ya Montana na Colorado, mito mingi huruhusiwa kuvuliwa mwaka mzima, na wako watu wanaoingia majini hata mwezi wa Januari. Kwa mtu wa Nyeri au Kerugoya jambo hili laonekana kama wazimu. Pete za ufito zinaganda, na mvuvi husimama kila mara kubandua barafu. Asubuhi, barafu iliyoshika mawe ya chini usiku hung'oka na kuelea mtoni, na hapo hakuna uvuvi.

Samaki naye amebadilika. Mwili wake hufuata ubaridi wa maji. Yakishuka mpaka nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, hula kidogo sana, na mkondo wa kasi hauwezi tena. Basi trauti huhama penye kasi na kukusanyika katika vilindi ambamo maji yanakwenda polepole. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili haendi alfajiri. Hungoja jua lipande, kati ya saa sita na saa tisa mchana, maji yapate joto la nyuzi moja au mbili, na vijidudu kama mbu wasiouma watoke majini. Chambo chake ni kidudu cha bandia, cha uzi na manyoya, kwenye ndoana ndogo kama punje ya mchele. Asipokipitisha karibu kabisa na mdomo wa samaki, samaki hasogei. (Simoni na wenzake walivua usiku, lakini kwa nyavu. Katika Injili ndoana inatajwa mara moja tu, katika Mathayo 17.)

Sasa sikilizeni neno hili. Trauti wa kahawia, jamaa ya yule aliyeletwa Gura, hutaga kabla ya theluji, tangu Oktoba mpaka Desemba. Jike hulala ubavu, akapiga changarawe kwa mkia mpaka pawe shimo, akataga humo, kisha akayafunika mayai. Katika maji ya nyuzi 10 mayai hukaa siku kama 40. Katika nyuzi 5 hukaribia miezi mitatu. Basi wakati mto unapoonekana umekufa, watoto wamo, chini ya mawe. Alama yake ni changarawe safi, nyeupe kuliko inayoizunguka, kama mkeka mdogo uliotandikwa. Kiatu cha mvuvi kikikanyaga hapo, mayai mengi hufa, naye hasikii kitu wala haoni kitu.

Kule Scotland sheria inakataza kumvua trauti wa kahawia tangu tarehe 7 Oktoba mpaka 14 Machi. Twaisifu sheria hiyo. Lakini katika mito ile ya Marekani iliyo wazi, mvuvi ana kibali halali mfukoni, na hakuna askari atakayemwuliza amekanyaga wapi. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo la namna hii, walipobishana kuhusu nyama ya sokoni. Wako wavuvi ambao, wakiiona changarawe ile nyeupe, hutoka majini na kuzunguka kwa nchi kavu, katika theluji inayofika magotini. Sisi twawaheshimu watu hao, hata kama hatujui majina yao.

Wengine watasema, mayai ni mengi, na mengi hufa tu kwa mafuriko. Ni kweli. Lakini mafuriko hayana macho.

Tena, wapenzi, yai halihitaji kukanyagwa ili life. Maji safi lazima yapite kati ya mawe na kulipelekea hewa. Tope likijaza nafasi hizo, yai hukosa pumzi. Mkulima wa huku kwetu anayelima mteremko mpaka ukingoni mwa mto, pasipo hata kuacha ukanda wa majani, hutuma udongo wake chini kila mvua inyeshapo, naye hajawahi kushika ufito wa kuvulia.

Mahali palipoachwa salama, vitoto hutoboka kati ya mawe theluji inapoanza kuyeyuka. Havizidi urefu wa pingili moja ya kidole, na siku hiyohiyo huanza kutafuta chakula.