Wateja wa Tarehe Tisa

 

Juma lililopita tulipata barua ya mwalimu mmoja. Asema mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, na kwa kuwa hesabu anazijua na jioni ana nafasi, ameanza kuwashauri wenye maduka kwa malipo. Wateja huja, lakini hawakai. Afanyeje apate wa kudumu?

Swali hilo tunalijua sana. Kabla ya kwenda chuo cha theolojia tulikuwa katika ukarani wa hesabu kwenye chama cha ushirika. Miaka ilipopita na karo za watoto kutulemea, tulimwomba Askofu ruhusa ya kutumia ujuzi ule wa zamani saa za jioni. Alikubali, kwa sharti kwamba kazi ya parishi isipungue.

Tulikosea tangu mwanzo. Jumapili moja, baada ya kutangaza ndoa, tuliitangaza na kazi yetu. Ibada ilipokwisha mzee mmoja wa kanisa alitungoja mlangoni. Akasema, “Mchungaji, bei yako ikinishinda, nitakukatalia vipi, na wewe ndiwe unayenipa Meza ya Bwana?” Hatukuwa na jibu. Mteja asiyeweza kukukataa si mteja. Huyo umemshika mateka. Tangu siku ile hatujamtoza mtu wa parishi yetu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Hapa Kenya, mwenye namba ya kodi hutakiwa kupeleka taarifa ya mapato yake ya mwaka uliopita kufikia tarehe 30 Juni, nasi Wakenya tunajijua: tunangoja juma la mwisho. Juni ile walitujia watu 11, wengine wakiwa na stakabadhi za mwaka mzima ndani ya katoni ya sabuni. Tulifurahi mno. Tulijiona tumefanikiwa.

Tarehe 28 mgonjwa mmoja wa parishi alituma neno kwamba anataka kutuona. Tulisema, kesho. Tarehe 29 tulisema tena, kesho. Tulifika Julai mosi, tukamkuta mkewe anakunja blanketi.

Na wale watu 11? Julai hakuna hata mmoja aliyebisha hodi.

Tulikaa muda mrefu bila kushika daftari la mtu. Ndipo tukarudi kusoma habari za Paulo huko Korintho, katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Korintho ulikuwa mji wenye bandari mbili, Lekayo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili. Wasafiri hawakukosa, wala wenye kuhitaji mahema. Walakini Luka haandiki kwamba Paulo alizunguka akijinadi. Aliingia kwa Akila na Prisila, watu waliotoka Italia kwa amri ya Kaisari Klaudio, mafundi wa mahema kama yeye, akafanya kazi pamoja nao. Na siku ya sabato humkuti karakanani, bali katika sinagogi. Alikaa mjini humo mwaka mmoja na nusu.

Tulijiuliza: karakana yetu ni ipi? Mjini kulikuwa na mama mwenye duka la karatasi na vitabu vya stakabadhi. Mtu anunuaye kitabu cha stakabadhi kila mwezi ana biashara inayotembea, tena ana nia ya kuandika. Tulimwomba mama yule nafasi. Akatupa meza nyuma ya mashine ya kunakili, Jumanne jioni, saa mbili tu. Hakutaka kamisheni, alitaka tumkagulie na daftari lake.

Pale tuliacha kuuliza nani ana shida leo, tukauliza nani atakuwa na shida hiyo hiyo mwezi ujao. Ndugu mwalimu, hapo ndipo penye siri, kama ni siri. Mwenye duka aliyeajiri watu watatu lazima apeleke makato ya kodi ya mishahara kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ana tarehe 20. Mtu wa Juni anakuhitaji mara moja kwa mwaka. Huyu anakuhitaji mara 12, na asipokuona tarehe 7 atakupigia simu mwenyewe. Tulichukua wanne wa namna hiyo, tukakoma. Kila mmoja tulimwandikia ukurasa mmoja: tutafanya nini, lini, kwa shilingi ngapi. Sisi tunapanga vitabu na kueleza. Taarifa anapeleka mwenyewe.

Usidhani haina hasara. Mmoja wa wanne wale, muuza vyuma, alijifunza upesi. Mwaka wa pili tuliona daftari lake halina la kusahihishwa. Tungeweza kunyamaza tukaendelea kupokea. Tulimwambia, akashukuru, akaenda, wala hakutuletea mtu. Nafasi yake ilikaa wazi miezi mitano, na karo ya muhula mmoja tulilipa kwa kukopa.

Hata hivyo watatu waliobaki wako nasi hadi leo. Na Juni tunafunga meza kuanzia tarehe 20. Jambo hili mama wa duka huliona la ajabu, maana ndio msimu.

Mwaka jana mjane wa yule mgonjwa alifungua mashine ya kusaga unga, akaajiri vijana wawili, akatuomba tumwandikie vitabu. Tulimpeleka kwa mhasibu kijana wa mjini. Alitaka kujua kwa nini tunamkataa, nasi tulimweleza yote, pamoja na habari za tarehe 28 na 29. Alinyamaza kitambo, kisha akasema twende Jumamosi. Tulikwenda bila daftari, tukanywa chai hadi jua likatua.