Mkuu wa Shule Hana Budi Kuulizwa

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu wakuu na wazazi.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kuongoza shule. Wengi hudhani kazi hiyo ni kutunza fedha, kuandika barua na kuwatia wanafunzi hofu. Fedha na barua karani mwema huziweza, na hofu hata mlinzi wa mlangoni aweza kuitia. Kazi ya mkuu wa shule ni nyingine, nami nitaieleza kwa mfano wa shule ijulikanayo sana hapa Kenya, yaani Starehe, mjini Nairobi.

Starehe ilianzishwa mwaka 1959 katika mabanda mawili ya mabati, kwa ajili ya watoto maskini waliokuwa wakizurura mjini bila mahali pa kulala. Walioianzisha walikuwa watatu: Geoffrey Griffin, aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Kabla ya hapo Bwana Griffin alikuwa amefanya kazi katika kambi ya Wamumu, penye vijana waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari. Naye Bwana Gikubu mwenyewe alikuwa amewekwa kizuizini Manyani. Lifikirini jambo hilo. Mtu wa serikali na mtu aliyefungwa na serikali hiyo hiyo waliketi pamoja wakalea watoto wasio wao.

Mengi yamesemwa juu ya shule hiyo: wito wake wa “Natulenge Juu”, na desturi ya vijana wake kufanya kazi za kuwasaidia watu bila malipo. Lakini mimi nataka mlishike jambo moja tu, nalo ni baraza. Wanafunzi hukusanyika, na ye yote kati yao, hata aliye mdogo kuliko wote, ana ruhusa ya kusimama na kumwuliza mkuu neno lo lote juu ya maisha ya shule. Mkuu naye hujibu pale pale, mbele ya watu wote.

Najua wako wasemao kwamba hivyo ni kuwapandisha watoto kichwani. Sivyo. Swali lisiloulizwa mchana halifi. Huenda bwenini usiku, likazungumzwa kwa kunong'ona na watu wenye hasira. Mwezi wa Machi, 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilitiwa moto, na wavulana 67 wakafa. Sisemi kwamba baraza lingaliuzuia moto ule, maana msiba wa namna hiyo una mizizi mingi. Nasema tu kwamba mkuu asiyesikia kitu hana njia ya kujua kilicho karibu kutokea. Mwaka huo huo kiboko kilikatazwa shuleni, na walimu wengine mpaka leo hulalamika kwamba hawakupewa kitu badala yake.

Lakini baraza si maneno matupu. Mtoto akiuliza kwa nini maharagwe yana wadudu, mkuu awe ameingia jikoni na kuliona gunia kwa macho yake. Akijibu “tutaangalia”, na juma la pili tena “tutaangalia”, juma la tatu hakuna atakayesimama. Hapo mkuu atakwenda nyumbani akifurahi kwamba shule yake imetulia! Utulivu wa namna hiyo mimi nauogopa kuliko kelele.

Tena pana shida nyingine. Bwana Griffin aliiongoza Starehe mpaka alipofariki mwaka 2005, zaidi ya miaka 45. Ni wakuu wachache sana wapatao muda kama huo. Wengi huhamishwa kabla hawajayajua majina ya wanafunzi wao. Kwa hiyo baraza lisiwe hisani ya mtu mmoja, likaondoka pamoja na sanduku lake. Liandikwe katika ratiba kama somo la hesabu, na majibu yaandikwe katika daftari, ili mkuu ajaye aikute ahadi ya mwenziwe na tarehe yake.

Nanyi wazazi, mtakapokutana tena shuleni kwenu, ombeni kuliona daftari hilo.