Mbao ya Chini ya Kenchi Isiondolewe Ovyo



Miongoni mwa matakwa ambayo wenye nyumba huwapelekea mafundi siku hizi, moja linatutia wasiwasi: sebule isiyo na dari bapa, ambayo mtu akiinua macho huliona paa kwa ndani hadi kileleni. Sebule hiyo hupendeza, wala hatuna ugomvi nayo. Ila ili kuipata, fundi mara nyingi huiondoa mbao ya chini ya kenchi, ile inayolala kutoka ukuta hadi ukuta, akidhani kwamba kazi yake ni kubeba dari tu.

Mbao hiyo hufanya kazi ya kamba. Pau mbili zilizoegemeana kileleni, zikilemewa, hutanua miguu kama ngazi ya kukunja iliyokatika mnyororo. Mbao ya chini huishika miguu hiyo isiachane. Ikikosekana, kazi huangukia kuta, na ukuta wa tofali la inchi 6 hujengwa kubeba uzito unaoshuka, si kusukumwa ubavuni.

Tuchukue nyumba yenye upana wa mita 6, kilele kikiwa mita 1.5 juu ya kuta, pau zimepangwa kila sentimita 60, na vigae vya zege vya kilo 50 hivi kwa mita ya mraba. Kila jozi ya pau hubeba vigae vya kilo 200, na kila mguu husukuma ukuta kwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100. Ukuta wa mita 10 una miguu ipatayo 17. Mabati ni mepesi mno kuliko vigae. Ndiyo maana nyumba ya mabati huweza kulivumilia kosa hilo kwa miaka mingi, hadi mwenyewe apate fedha na kuamua kuezeka vigae.

Wapo wanaosema linta itazuia. Linta husaidia penye pembe na karibu na kuta za vyumba. Katikati ya sebule ndefu hupinda kwenda nje pamoja na ukuta.

Anayetaka uwazi anaweza kuipandisha mbao hiyo badala ya kuiondoa, lakini isivuke theluthi ya kimo cha paa. Hata hapo, nguvu inayoivuta huongezeka kwa nusu na pau hupinda zaidi, hivyo pau ziwe nene na maungio yafungwe kwa bolti, maana misumari michache haitoshi. Njia nyingine ni mhimili imara wa kileleni, wa mbao zilizogandishwa kwa gundi kiwandani, unaokalia nguzo au kuta za ncha za nyumba na kuzibeba pau kwa juu. Ukubwa wake upigiwe hesabu na mhandisi, usikadiriwe kwa macho.

Kwa wenye chumba darini, mbao za sakafu zaweza kuwa ndizo kamba, mradi zielekee upande uleule wa pau, ziunganishwe barabara katikati, na zifungwe kwenye miguu ya pau. Zikilala kinyume na pau, hazishiki kitu.

Na kwa anayeishi tayari chini ya paa la namna hii: shusha timazi kwenye kuta ndefu, kisha utazame kilele kutoka mbali. Ukuta ulioinama nje, kilele kilichobonyea, au ufa wa mlalo karibu na linta, usizibwe kwa plasta kabla mhandisi aliyesajiliwa hajapanda kuona kinachoishika miguu ya pau.