Mgeni Hupiga Hodi

Maneno aliyoyasema mwalimu mstaafu mbele ya walimu na waamini, katika Jubilei ya miaka 50 ya Jimbo la Singida



Jimbo letu la Singida lilianzishwa mwaka 1972, na mwaka huu wa 2022 twashukuru kwa miaka 50. Nimeombwa kusema juu ya shule. Wenzangu wamekwisha kusimulia habari za majengo na hesabu za wanafunzi, nao wamesema vema. Mimi nina jambo moja tu, ambalo nalijifunza kwa aibu: ya kwamba mwalimu mkuu anayehamia shule mpya ni mgeni, na mgeni hupiga hodi kabla ya kuingia.

Mwaka 1978 naliletwa kuwa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi ya upande huu wa Singida. Mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, hata watoto wakawa wengi kuliko madawati. Nalikuwa kijana bado, nimetoka mbali, nisijue Kinyaturu hata neno la salamu. Nalipofungua daftari la mahudhurio naliona alama nyingi za kuchelewa, nikasema moyoni, "Hapa pana uvivu." Basi juma lile la kwanza nikatoa amri: kengele ya saa moja na nusu ikilia, kila atakayechelewa atang'oa visiki katika shamba la shule mpaka saa nne. Walimu walinitazama, wakanyamaza. Nalidhani kunyamaza kwao ni kukubali. Kumbe, walikuwa wakinihurumia.

Palikuwa na msichana mmoja wa darasa la sita. Siku tatu aling'oa visiki. Siku ya nne hakuja, wala ya tano. Nikaandika neno "mtoro" kwa wino mwekundu, nikapeleka barua kwa mlezi wake. Zikapita siku kumi, hapana jibu. Ndipo mwalimu mmoja mwenye mvi, mzaliwa wa pale, akanijia ofisini akaniambia kwa upole, "Mwalimu Mkuu, barua yako imefika. Lakini aliyeipokea hajui kusoma, na wa kumsomea ndiye huyo uliyemwita mtoro."

Kesho yake tukaenda sote wawili kwa miguu, tukipita katika mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa. Tulipofika mimi nalikuwa nimekwisha kukanyaga uani. Mzee yule akanishika mkono, akanirudisha nje, akapiga hodi, tukangoja mpaka tulipoitikiwa karibu. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa msichana yule, mwenye miguu iliyovimba. Alitupa vigoda, akanipa kata ya maji. Nikayanywa yote, maana jua lilikuwa kali. Kisha nikaanza kusema habari za utoro na sheria za shule. Bibi akanisikiliza hata mwisho, akajibu, "Baba, maji hayo uliyokunywa ndiyo yaliyomchelewesha mtoto."

Ninyi wenyeji hamhitaji kuelezwa. Wakati wa kiangazi visima vya karibu hukauka, na watu huenda mbali kufukua mchanga wa mto. Maji hutoka kidogo kidogo, na aliyefika kwanza hungoja mpaka ndoo yake ijae ndipo mwenzake apate kuteka. Msichana yule aliamka jogoo la kwanza, akaenda mtoni, akarudi na maji ya nyumba nzima, kisha akaja shuleni kung'oa visiki kwa amri yangu. Darasani alisinzia, akachekwa na wenzake. Basi akaona ni afadhali abaki nyumbani.

Nalirudi sina neno. Jumamosi ile niliwakusanya walimu, nikawauliza maswali yaliyonipasa kuuliza siku ya kwanza: Mtoto huyu akaa wapi? Akaa na nani? Wateka maji wapi? Nani anachunga, nani anauguza mgonjwa? Walijua mengi sana, nami sikuwa nimewauliza hata moja. Tukaandika daftari jingine, kila mtoto na habari zake, nasi tukaona ya kuwa wengi wa wale niliowaita wavivu walitoka katika bonde moja lisilo na maji. Tukapeleka shauri mbele ya kamati ya shule, ikakubaliwa kwamba katika miezi ya kiangazi watoto wa bonde lile waingie kwa kengele ya pili, na somo la hesabu lisifundishwe kabla hawajafika. Visiki tukaving'oa sote pamoja, siku za kazi.

Msichana yule alirudi, akamaliza darasa la saba. Walakini sitawaficha: wawili wengine walioacha shule juma lile hawakurudi kamwe. Mmoja wao nalipofika kwao nalimkuta amekwisha kuozwa. Hilo ni deni langu, na nimelibeba mpaka leo.

Jambo la pili nalifundishwa na mzee mmoja aliyekaa karibu na shule, asihudhurie mkutano wa wazazi hata siku moja. Nikaenda kwake, safari hii nikapiga hodi. Akanionyesha ukuta wa darasa la zamani, akasema, "Mawe yale tuliyabeba sisi vichwani tulipokuwa wavulana, wakati shule ikiwa ya misheni." Mnajua ya kuwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za misheni, ili watoto wa dini zote na wasio na dini wapate nafasi sawa. Mzee hakulalamikia jambo hilo. Wajukuu wake walisoma pale. Alilalamika kwamba tangu siku ile walimu wakuu walikuja na kwenda, wala hapana hata mmoja aliyemwuliza habari za mawe yale. Ndipo nilipofahamu kwa nini watu wale waliiita shule "ya mwalimu", wasiiite "yetu".

Baadaye nalisoma habari za walimu wakuu wa zamani, nikaona kosa langu si geni. Palikuwa na Mwingereza mmoja, Edward Carey Francis, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Peterhouse, Cambridge. Hakuwa mtu wa Kanisa letu, lakini twaweza kujifunza kwake. Aliacha kazi ile, akaja Kenya mwaka 1928 kuongoza shule ya Maseno, na mwaka 1940 akahamishiwa Alliance, huko Kikuyu. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1926, yenye desturi zake. Mwalimu huyu alikuja na ukali wake na taratibu zake, na hapo mwanzo si wote waliompokea kwa furaha. Walakini alikaa pale miaka 22, akawajua vijana wake kwa majina, hata habari zao baada ya kutoka shuleni. Nami jambo linalonigusa zaidi ni la mwisho. Alipoacha ukuu mwaka 1962 hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda Pumwani, katika mji wa Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida mpaka alipofariki mwaka 1966. Mtu aliyeamuru kwa miaka mingi alikubali kuwa mgeni tena, chini ya mkuu mwingine.

Ndugu zangu, kazi hii leo ni ngumu kuliko siku zetu. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa hata kidato cha nne, madarasa yamejaa, na mkuu mpya aweza kukuta watoto asioweza kuwajua wote kwa mwaka mmoja. Basi na aanze na wale ambao daftari linawashitaki. Kila alama ya kuchelewa ina njia iliyotembewa asubuhi ile. Aiulize njia kabla ya kumwadhibu mtoto. Tena awaulize walimu aliowakuta, hasa wale wanyamavu.

Nanyi wazazi, msikae kumtazama mkuu mpya kama kuku mweupe, mkingoja akosee ili mpate la kusema. Mimi nalinyamaziwa siku nyingi, na watoto wawili walipotea katika ukimya ule. Mkimwona mgeni amekanyaga uani bila hodi, mshikeni mkono kwa upole kama nilivyoshikwa mimi, mmrudishe mlangoni, kisha mmkaribishe na kumpa maji. Na akiisha kuyanywa, mwambieni yalikotoka.