KINOO CHA USHIRIKA: 1000 YA NANI?

(Maneno tuliyosema mkutanoni. Yamebandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Ndugu wanachama, ndugu wanakijiji,

Mkutano uliopita ulituagiza tueleze habari ya kinoo kabla fedha haijatolewa. Maseremala wetu wanataka kinoo cha namba 1000 kwa patasi na randa. Vema. Ila tunauliza: 1000 ya nani?

Namba hizi zilianzia kwenye chekeche. Chembe za kunolea zilichekechwa kama unga, na namba ikawa idadi ya matundu katika inchi moja ya wavu. Matundu yakizidi wingi, kila tundu linakuwa dogo, na chembe inayopita ni ndogo. Ndiyo maana namba kubwa ni laini, namba ndogo inakwaruza. Lakini chembe laini mno hazichekecheki. Hizo hupimwa kwa mwendo wake zinapozama majini, au kwa mashine. Hapo ndipo kila upande ukajiwekea kipimo chake.

Kipimo cha kuaminika ni mikroni. Milimita moja ni mikroni 1000. Sasa tazameni hiyo namba 1000, chembe yake ya wastani:

– Msasa wa herufi P (Ulaya): mikroni 18.3
– Kinoo cha kipimo cha Japani (JIS): mikroni 11.5
– Jiwe la herufi F (Ulaya): mikroni 4.5

Namba ni ile ile, lakini chembe ya P ni kubwa mara nne ya chembe ya F! Kwa hiyo anayetaka ulaini wa 1000 ya Japani atafute msasa P1500 (mikroni 12.6) au jiwe F500 (mikroni 12.8). Akichukua F1000 kwa kudhani ni mamoja, patasi yenye pengo ataisugua mpaka jua lizame, na pengo litakuwepo.

Na wakulima je? Panga, shoka na mundu hazihitaji ulaini huo. Namba 120 hadi 220 inatosha, na huko chini vipimo havipishani sana. P120 ni mikroni 125, yaani sehemu ya nane ya milimita.

Ndugu, mchango ni wa wote, mwenye kabichi na mwenye randa. Si haki mkulima alipie kinoo kisichomfaa mundu wake. Tunapendekeza kinoo cha pande mbili: upande mmoja wa kukwaruza, upande mwingine laini.

Atakayetumwa dukani, iwe Lushoto mjini, Korogwe au Tanga, aulize mambo matatu: herufi gani? kipimo cha nchi gani? mikroni ngapi? Jiwe lenye namba tupu lisilipiwe fedha ya ushirika.

Asiyeelewa aje tumweleze. Kura ni mkutano ujao, tufike wote.