Akiba ya Nyumbani na Paa la Bweni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wahitimu na wanafunzi, katika bwalo la shule)



 Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya namna kaya inavyoweza kujiandaa kwa dharura na kuishi kwa kujitegemea, akaongeza kwamba nisizidi nusu saa kwa kuwa pilau itakuwa jikoni. Nitajitahidi, ingawa mimi ni mtumishi wa serikali, na sisi tunajulikana kwa kuanza hotuba kuliko kuzimaliza.

Nitaanza na jambo ambalo wengi wa rika langu mnalikumbuka. Mapema mwaka 1998 nilikuwa ndiyo kwanza ninaingia kidato cha tatu. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza kunyesha tangu mwisho wa mwaka 1997, na zilinyesha kama vile mbingu imetobolewa. Barabara zilikatika, reli ya kati nayo ikakatika, na lori lililokuwa likituletea vitu kutoka mjini halikuonekana kwa siku kumi na sita. Nilizihesabu. Wengine wetu tulikuwa tukichora alama ukutani nyuma ya bweni, na nadhani Mkuu wa Shule wa wakati ule, kama angetukamata, angetuongezea siku nyingine za kufyeka nyasi.

Sasa sikilizeni, vijana. Chakula hakikutuishia. Tulikula makande asubuhi, makande mchana, na jioni ugali wa dona kwa maharage, lakini tulikula. Mahindi yale yalitoka katika shamba la shule, lile lile tulilokuwa tukilinung'unikia kila Jumamosi. Kilichotutesa kilikuwa maji. Pampu ya kisima ilikuwa ikiendeshwa kwa dizeli, na dizeli ilikuwa ndani ya lile lori lisilofika. Basi mkaona wanafunzi wamesimama mlangoni mwa bweni na ndoo tupu, wana kiu, wakitazama maji yakitiririka kutoka kwenye mabati juu ya vichwa vyao, yanachimba mfereji uwanjani, yanaelekea korongoni. Tulikinga kwa ndoo, karai na sufuria za jikoni. Mvua ikipumzika siku mbili, ndoo zimekwisha, tunakwenda kuchota kule kule korongoni maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Wiki ya pili wenzetu kadhaa wakalazwa kwa kuharisha. Mmoja wao nililala naye kitanda cha juu na cha chini, na usiku mmoja nilidhani hataamka. Aliamka, namshukuru Mungu, na leo yuko hapa ukumbini. Simtaji jina kwa sababu ameshika sahani tayari.

Nimekisimulia kisa hicho ili nieleze maana ninayoipa dharura. Mara nyingi si kwamba kitu hakipo, bali kipo na hatukukikinga.

Wazee wetu waliosoma hapa miaka ya sabini hawahitaji kufundishwa neno kujitegemea. Walisoma chini ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa Machi 1967, wakaiona njaa ya mwaka 1974 na wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, na walioanza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini walipanga foleni ya sabuni. Sisi tuliofuata tulipata maduka yaliyojaa, tukadhani akiba ni mambo ya kizee. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, na nimelipa ada ya kosa hilo mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, Desemba 2011. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule karibu na bonde la Msimbazi, mahali ambapo kodi ni nafuu kwa sababu ambayo niliielewa baadaye. Usiku ule maji yaliingia yakafika usawa wa dirisha. Mke wangu alimbeba mtoto, mimi nikabeba redio. Naona mnacheka, na mke wangu naye huwa anacheka, lakini hakucheka siku ile. Vyeti vyangu vyote, cha kidato cha nne kilichotoka katika shule hii, cha kidato cha sita na shahada ya chuo kikuu, vilikuwa ndani ya boksi la karatasi mvunguni mwa kitanda. Tuliviokota siku ya tatu vikiwa uji. Kuhangaikia karatasi nyingine kulinigharimu miezi mingi, nauli nyingi, na heshima kidogo. Katika mafuriko yale watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, kwa hiyo silalamiki. Lakini tangu siku hiyo vyeti, hati ya kiwanja, kadi za kliniki na kadi za bima viko ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mfuko uko ndani ya begi moja, begi limetundikwa msumarini karibu na mlango, na kila mtu wa nyumba yangu, hata yule wa darasa la pili, anajua kwamba mwenye mkono mtupu ndiye anayelichukua.

Mara ya pili ni aibu zaidi, maana inahusu kazi yangu. Nilikwisha hamishiwa wilayani, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa za hali ya chakula vijijini. Mwaka 2014 mavuno yalikuwa mazuri, bei ikashuka, nikanunua magunia matano ya mahindi. Niliyapanga stoo, chini sakafuni, yameegemea ukuta, nikafunga mlango kwa kufuli, nikajiona baba wa familia. Nilipofungua baada ya miezi mitatu nilikuta unga. Dumuzi walikuwa wamemaliza kazi. Mdudu huyu hakuwa wetu. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya themanini, na wakulima wa kule walimwita Skania, wengine kwa jinsi anavyotafuna bila kuchoka kama lori. Anakula mahindi, anakula makopa ya muhogo, anatoboa hata mbao. Mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea alichota kiganja cha vumbi lile, akalipuliza, akaniuliza, "Baba, hiyo shahada yako ni ya kula mahindi au ya kuyatunza?"

Yeye ndiye aliyenifundisha upya. Mahindi hayaingii ghalani mpaka yamekauka, na yeye hupima kwa meno: punje ikilia ka! imekauka, ikibonyea irudi juani. Kwa mwenye meno mabovu kama mimi ipo njia ya chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu. Isipogandamana, unaweza kuhifadhi. Hili si jambo la dumuzi tu. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, sumu ambayo huwezi kuionja wala haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo msianike mahindi chini kwenye udongo. Anikeni juu ya turubai au kichanja, na punje zilizooza mzitupe hata roho ikiuma.

Yakishakauka, siku hizi ninatumia ile mifuko isiyopitisha hewa, wengi huiita mifuko ya kinga njaa. Ni mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja. Unaipuliza kwanza kuona kama ina tundu, unajaza, unakamua hewa, unasokota mdomo wa mfuko wa ndani na kuufunga kwa kamba, halafu wa pili, halafu wa nje. Wadudu waliomo wanamaliza hewa yao wenyewe na kufa, bila dawa yoyote. Kosa la wengi ni kufungua baada ya wiki moja ili kuchungulia. Acheni angalau mwezi. Na msiiweke chini, wekeni juu ya mbao mbali na ukuta, na paka awe na kazi.

Kiasi gani kinatosha? Kaya ya watu sita, kwa wastani wa gramu 400 za unga kila mtu, hula kilo mbili na nusu kasoro kwa siku. Gunia la kilo 100 likisagwa dona linafika siku 40. Magunia matatu ni miezi minne, yaani kutoka Desemba bei inapopaa hadi mahindi mapya yanapokaribia. Asiyeweza matatu aanze na debe. Tena msiniambie habari ya mahindi peke yake. Wasukuma wana michembe na matobolwa ya viazi, watu wa hapa Dodoma wana mtama na majani ya kunde yaliyokaushwa, na watoto wetu wa mjini hawavijui hata kwa majina.

Mengine nitayapitia haraka. Vijana, simu zenu zikizimika chaji mnajua kwa kichwa namba ya nani? Jifunzeni namba tatu. Wekeni fedha taslimu kidogo nyumbani, maana mtandao ukikatika wakala naye ni raia tu kama wewe. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa baridi gani. Hewa yake yenye sumu haina harufu na imekwisha ua familia nzima. Mkisikia harufu ya gesi ya mtungi, msiwashe taa wala msiizime; funga mtungi, fungua milango, toka nje, kwa kuwa gesi ile ni nzito na hutambaa chini. Na mtu akiharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo wakati mnatafuta zahanati. Laiti mwaka 1998 mmoja wetu bwenini angalijua hilo.

Sitaki pia niwadanganye. Yapo maafa ambayo gunia halisaidii. Matope yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yakaifunika sehemu ya Katesh hayakumuuliza mtu kama ana akiba. Pale swali ni mahali tunapojenga, na nani anamwamsha jirani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ulizeni kamati ya kwenu ni akina nani.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, naomba uniwie radhi kwa hili la mwisho, maana najua liko katika ajenda ya alasiri. Nimesoma pendekezo la Kamati kwamba mchango wetu wa mwaka huu ujenge lango jipya la shule, lenye tao na jina la Chama chetu juu yake. Lango ni zuri. Lakini jana jioni nilizunguka mabweni manne, nikakuta bado hayana mifereji ya kukinga maji. Nilipima moja kwa hatua zangu: lina urefu wa mita kama 30 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 240. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata kama milimita 550 kwa mwaka. Ukiondoa sehemu ya tano inayopotea, paa moja hutupa zaidi ya lita laki moja kila mwaka, na huenda korongoni kama zilivyokwenda mwaka 1998. Kila bweni likipata mifereji ya bati na tanki la lita 10,000, tutakuwa na lita 40,000. Kwa wanafunzi 400, kila mmoja lita tano za kunywa na kupikiwa, hizo ni siku ishirini. Sisi tulikaa siku kumi na sita.

Maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na tanki lifunikwe mbu wasizaliane. Kazi ya kufagia mifereji wapewe vidato vya kwanza, nao watanung'unika kama sisi tulivyonung'unikia shamba.

Kama Kamati inaona ni lazima jina letu liandikwe mahali, fundi anaweza kuliandika ubavuni mwa tanki kwa rangi.

Mkuu wa Shule amekwisha niruhusu kupima mapaa yaliyobaki kesho asubuhi kabla ya ibada. Nina kamba ya mita 50, lakini inahitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Atakayependa anikute saa moja kamili mbele ya bweni lile la mwisho, lililo karibu na korongo.